Kichanja cha Usipa

Juzi nilipita Liuli, nikakuta usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wameanikwa vichanjani. Harufu yao ilinirudisha kwenye mchana ule mdogo wangu mchanga alipofariki.

Mama alikaa mkekani amempakata. Mimi nilijua kuwa usipa wakikauka vizuri hawaozi, basi nikamvuta khanga.

"Mama, tumwanike na yeye. Kunguru nitawafukuza mwenyewe."

Shangazi aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. Mama akaniuliza taratibu, "Utaweza kukaa juani siku nzima, mwanangu?"

"Nitaweza."

Nilipangusa magamba kwenye kichanja chetu, nikakaa na fimbo yangu kumngoja. Baadaye nyimbo zilitoka nyumbani, zikaelekea makaburini. Nilidhani wanamleta, ila wamepita njia ya mbali.