Bibi Kaingia Kwenye Picha

Bibi alikaa miaka mitatu anatuona kama vivuli. Mwezi uliopita alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na alipofunguliwa kitambaa aliomba kitu kimoja tu: nimpeleke mtaa wa zamani wa Biharamulo, juu kwenye ukuta wa boma la Mjerumani, aone vilima vya upande wa Nyarubungo alikozaliwa.

Basi jana tukapanda. Bibi anapumzika kila baada ya nyumba tatu, mimi naangalia wingu. Kufika juu, ukuta umeshachukuliwa. Maharusi, wapambe, na mpiga picha mwenye miwani ya jua wakati mvua inakuja. Shikamoo hakuna.

"Bibi, subiri pembeni hapo, dakika mbili tu."

Nikamwambia, "Kaka, huyu anataka kuangalia tu. Hana kamera."

"Dada, na mimi niko kazini."

Dakika mbili gani hizo? Shela limewekwa sawa mara nne. Bwana harusi kaambiwa acheke, kacheka, kaambiwa siyo hivyo. Mpambe mmoja akasema Bibi na kanga zake angependeza kukaa nyuma yao, picha iwe ya asili. Kwani Bibi ni pambo? Na mimi mjinga nimesimama naomba kwa adabu, utafikiri ukuta ule ni sebule yao.

Bibi ndiye aliyechoka. Akaniachia mkono, akapita katikati ya maharusi, akashika ukuta.

"Bibi, umeingia kwenye picha."

"Na nyie mmesimama mbele ya kwetu. Sogeeni."

Wapambe wakacheka. Bi harusi, angalau yeye, akamshikia mkoba.

Bibi akafumba jicho la kushoto. "Kile chenye kipara, pale tulichunga mbuzi. Sasa njoo kushoto, kilima cha mama ni..."

Kushoto mvua ilishafika. Ilifunika kilima kimoja, kingine, mpaka na chenye kipara kikapotea.

Maharusi wakakimbilia gari lao. Bibi akabaki pale, kanga inalowa, ananiuliza kama mimi nakiona kilima cha mama. Nikamwambia sikioni.

Leo asubuhi amerudi kwa mjomba. Amesema mwenyewe magoti hayatampandisha tena. Wale wana picha zao. Nusu saa nzima tuliyowekwa pembeni, kilima cha mama yake kilikuwa wazi kabisa, na wale maharusi walikuwa wamekipa mgongo.