Jina la Mama Mkwe

Vijana wakiniuliza namna ya kupata nafasi ya kujifunza kazi kwa wakili, huwaambia: ukipewa karatasi, isome yote kwa sauti. Mimi nilishindwa.

Miaka ya hamsini nilitoka Bariadi kwenda Mwanza kujaribiwa na wakili. Akanipa hati ya kesi niisome. Mdaiwa alikuwa na jina la mama mkwe wangu, na kwetu Wasukuma jina la mkwe halitamkwi. Nikanyamaza. Wakili akadhani sijui kusoma, akanifukuza. Mimi, niliyewasomea kijiji kizima barua zao!

Mama mkwe aliposikia, alimlilia mke wangu: “Si angelisoma tu! Mimi huku ningesikia nini?”

Tulishamzika. Jina lililo kwenye msalaba wake, mpaka leo nalisoma kimoyomoyo.