Kuku Aliyerudishwa

Mpaka leo nikisikia makofi ya mnada nje ya kanisa, damu inanichemka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu, tunaishi mtaa wa Lemara. Dada yangu mkubwa, polio ilimpooza miguu angali mdogo. Alitambaa kwa mikono, kandambili kazivaa viganjani. Kanisani kikapu cha sadaka kilimpita haraka haraka, utadhani hayupo. Krismasi walimletea sabuni na sukari, wakapiga naye picha. Yeye alitaka kitu kimoja tu: naye atoe.

Basi akafuga tetea. Alimlisha pumba kwa mkono wake, akatangaza kuwa huyu ni wa Bwana, na hata wageni walipokuja mama hakuthubutu kumgusa. Jumapili ya mavuno alimfunga kifuani kwa kanga, akatambaa mpaka mbele, akamtoa. Wimbo wa mwisho wote alikuwa anatabasamu peke yake.

Kwetu, ibada ikiisha, mazao na mifugo iliyotolewa hunadiwa pale nje, fedha iingie kanisani. Mfanyabiashara mmoja wa mitumba, pikapu yake mpya kaiegesha tuione wote, akamnunua yule tetea kwa bei ya kujionyesha. Halafu akapaza sauti, "Mrudishieni huyo dada. Maskini wa Mungu, yeye ni wa kupewa."

Vigelegele! Haleluya! Mzee wa kanisa akamwekea kuku mapajani.

Loo, nilitamani kumzaba mtu kofi! Kila Jumapili mnatuhubiria kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kumbe mfano wenyewe mnaupima kwa miguu? Nani kawaambia kwamba aliyepooza hana cha kumpa Muumba wake?

Dada hakulia. Alimfunga tena kuku kifuani, akageuka, akaanza kutambaa kurudi ndani. Nikamfuata. Mzee wa kanisa akatukimbilia. "Jamani, binti, huyo kuku atachafua sakafu!"

Dada aliendelea kutambaa. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele, mchungaji akiwa anavua joho.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Huyu kuku sikumpa mwenye pikapu. Nilimpa Mungu. Ni Mungu aliyemrudisha?"

Mchungaji alimtazama, akatutazama mimi na mzee wa kanisa. Kisha akachuchumaa, akampokea kuku kwa mikono miwili.

Nje walikuwa bado wanamshangilia yule wa pikapu.