Mrusi, Mmarekani na Sisi wa Ghorofa ya Juu

Juzi tulikuwa njiani kutoka Sugar Land kwenda Arlington, huku huku Texas, kwenye harusi ya binti wa jirani yetu wa zamani. Baba alikaa mbele, mkanda umembana kitambi, na binti yangu nyuma na kazi zake za shule. Tulipokaribia kufika, akauliza kwa Kiingereza, kama wanavyouliza wote waliozaliwa huku, nani alianzisha Vita Baridi. Baba akageuzia uso dirishani. Mimi nikakazana na usukani, ingawa barabara ilikuwa nyeupe.

Swali hilo nimekua nalo, rafiki yangu. Kama na wewe ulikulia kwenye fleti za Arlington, unakumbuka zile balkoni ndogo ambazo ukiweka viti viwili, mtu wa tatu anasimama mlangoni. Jumamosi jioni bibi alikuwa akikaanga maandazi, iliki inanukia mpaka kwenye ngazi, na baba, aliyetoka kubeba maboksi ghalani Grand Prairie, anamsubiri jirani yetu Mkenya. Huyo alikuwa nesi, na alikuja na sare yake ya kazi bila hata kupita kwake. Chai ikishamiminwa, Vita Baridi vinaanza upya.

"Wee mzee, Mrusi ndiye alianza, hiyo iko wazi!" jirani alikuwa akisema. "Si ali-block barabara za Berlin, watu wakaachwa njaa?"

"Na bomu je?" baba anajibu. "Nani alilirusha kwanza, kisha akaanza kuwatishia wenzake nalo? Mrusi alikuwa kwake, kachoka, kazika watu mpaka basi."

Baba alisomea uhandisi Urusi ujanani. Alirudi na vitu viwili, tabia ya kunywa chai ya rangi kwa jemu, na kofia ya manyoya yenye masikio, ambayo ilikaa juu ya televisheni yetu. Akiona anashindwa hoja, aliivaa kofia ile katika joto la Texas, jasho likimtiririka, akaendelea kubishana hivyo hivyo. Jirani alicheka mpaka anajishika mbavu. Sijawahi tena kumwona baba amechangamka kiasi kile.

Sasa, Kiswahili chetu kina mchezo wake wa kuita nchi nzima mtu mmoja. Mrusi kafanya hivi, Mmarekani kajibu vile. Mtoto mdogo ningejuaje? Niliamini ni majirani. Mmarekani nilimfahamu, maana bibi alimwita hivyo mzee aliyekaa fleti ya chini yetu: Mmarekani wetu. Mrusi nilidhani ni yule bwana wa jengo la pili, mwenye nywele za njano, asiyesalimia mtu. Na vita vyenyewe, kwa kuwa ni vya baridi, niliona wazi vinahusu kiyoyozi. Cha mzee wa chini kiliunguruma kutwa, na bibi alijifunika kanga mbili mwezi wa Julai akilalamikia baridi inayopanda kutoka kwake.

Lakini bibi alimpenda mzee yule. Arlington bila gari wewe si mtu, na gari letu moja baba alikwenda nalo kazini. Mama alikuwa na zamu zake za kutunza wazee. Kwa hiyo mzee wa chini ndiye aliyempeleka bibi kliniki kusafishwa figo, kwa pikapu yake, bure. Hawakuwa na lugha moja. Yeye alipiga honi, bibi akashuka na maandazi kwenye karatasi ya foili, wakaondoka. Uhai wa bibi ulikuwa ndani ya pikapu ile, na nyumba nzima tulijua.

Basi siku moja nikamkuta mzee anaosha gari, nikamwuliza kwa nini alimchokoza Mrusi. Nikamwambia baba anasema ni yeye aliyeanza, na baba anajua, maana alikaa kwa Mrusi miaka mingi. Mzee akafunga bomba. Akauliza kama kweli baba alikaa Urusi. Nikajibu ndiyo, hata kofia anayo. Akasema, kwa upole tu, nimwambie baba akirudi ashuke wazungumze.

Nilipoufikisha ujumbe, baba alikaa chini na viatu vyake vya kazi. Bibi akaacha kukanda unga. "Mungu wangu," akasema, "sasa nani atanipeleka?"

Baba alishuka na sahani ya maandazi, mimi nyuma yake nimemshika shati. "Ni Warusi, sir," nikamsikia akisema kwa Kiingereza. "Ni Warusi walioanza. Kila mtu anajua." Akaongeza kwamba mtoto ametazama televisheni kupita kiasi, na yeye Urusi hajawahi kukanyaga. Kisha akacheka kicheko ambacho nyumbani hatukuwa nacho. Nikaliachia shati. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Siku ya kliniki ilipofika, honi ililia kama kawaida. Mzee hakubadilika. Ila siku moja, tukiwa wawili pale uani, aliniambia kwamba ujanani alikuwa askari Berlin, akilinda geti usiku na mchana kwenye theluji, na ng'ambo alisimama kijana wa Kirusi wa rika lake. Wakati mwingine walipungiana mkono. "Nilitaka tu kumwuliza baba yako," akasema, "wale watu walikuwa wanakula nini." Sikumwambia kwamba kofia ilikuwa imefichwa kabatini, chini ya mablanketi. Wala baba sikumwambia mzee alitaka nini.

Baada ya hapo jirani Mkenya alijaribu sana kumchokoza baba. "Leo Mrusi amenyamaza?" Baba akaongelea mvua, au bei ya matairi. Jumamosi zikapoa zenyewe.

Basi juzi, tukielekea harusini, tukapita mbele ya zile fleti. Wamezipaka rangi ya kijivu na balkoni wamezizungushia vioo. Mzee wa chini alishakufa, bibi pia. Binti yangu akachoka kunisubiri, akamgeukia babu yake.

"Babu, did you ever go to Russia?"

"No," baba akajibu, na kile kicheko kikamtoka.

"Baba," nikamwambia kwa Kiswahili, ambacho mtoto hakifuati vizuri. "Mwambie tu. Yule mzee hakukasirika. Alitaka kujua walikuwa wanakula nini."

Tukaingia uwanja wa kanisa. Nilizima gari. Baba bado alikuwa anatazama nje.

"Viazi," akasema taratibu. "Viazi, kabichi, na mkate mweusi. Ningemweleza mpaka asubuhi."

Nyuma, binti yangu alikuwa ameshafunga kompyuta yake. Tukashuka, nikamtengenezea baba tai, na sikuweza kumtazama usoni.