Bomba Nililolikumbatia

Siku yangu ya kwanza kazini Guangzhou niliambiwa nivue viatu. Nilikuwa nimevipiga rangi asubuhi ile mpaka vinang'aa, maana nilijua naingia ukumbi mkubwa wa muziki, na sikutaka mtu aseme huyu katoka wapi. Fundi Mkuu akavitazama, akanitazama na mimi, akaonyesha kona ya mlango. "Ndani ya kinanda hapaingii kiatu," akasema. "Soksi tu." Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilitokeza chote.

Nyinyi vijana mnaopiga vinanda vya kuchomeka ukutani mtanisamehe, lakini ninachokiita kinanda mimi ni nyumba. Kina ngazi, kina orofa, kina milango ya nyuma ambayo mtu anaingia amesimama. Ndani yake yamepangwa maelfu ya mabomba, mengine ya bati membamba mithili ya kalamu, mengine ya mbao marefu kunipita. Chini kuna feni inayojaza upepo kwenye sanduku, na juu ya sanduku kila bomba limesimama kwenye tundu lake, na kila tundu lina kilango kilichobandikwa ngozi. Mpigaji akibonyeza, sumaku ndogo inagonga tik, kilango kinafunguka, upepo unapanda, bomba linaimba. Akiachia, tik ya pili, kilango kinafunga. Siri yote ni hiyo, nayo imesomesha wanangu watatu.

Nilikuwa nimeianza kazi hii Mombasa, seremala wa kanisa niliyekabidhiwa kinanda kikuukuu kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Guangzhou nilikwenda kutafuta ngozi. Miaka ile ya elfu mbili na kitu kila mtu alikuwa akienda huko, huyu simu, yule mitumba ya viatu, na mimi ngozi ya vilango. Nikapanda basi hadi Shiling, mji wa mikoba, nikaingia duka moja la ngozi laini ya kondoo. Ngozi ya kinanda haijaribiwi kwa macho. Unaiweka mdomoni na kunyonya, kama hewa inapita haifai. Nikawa nimesimama pale nanyonya ngozi, mwenye duka ananishangaa, nikageuka nikamwona mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, naye ana kipande mdomoni. Tulitazamana, tukacheka mpaka yeye akalazimika kuvua miwani.

Huyo ndiye aliyekuwa Fundi Mkuu. Watu wote ukumbini walimwita Shifu, jina wanalompa fundi aliyebobea, na mimi nikamwita hivyo mpaka mwisho. Alikuwa anatafuta msaidizi, na vijana wa kwao walikuwa wamekimbilia viwandani. Tulielewana kwa Kiingereza chake, Kichina changu cha sokoni, na mikono. Sijapata kuona mtu mwenye sikio lile. Unaweza kuangusha kijiko jikoni, yeye akakuambia ni sauti gani na imepungua kiasi gani.

Alinifundisha kulinganisha sauti. Yeye anakaa kwenye vibonyezo, mimi niko ndani nagonga kola ya bomba, ile pete ya bati iliyo kichwani mwake, polepole, ipande au ishuke, mpaka aseme "Inayofuata." Siku nzima husikii neno jingine. Alinifundisha pia kwamba bomba hupanda sauti hewa ikipata joto, na ukumbi ukijaa watu hewa inapata joto. Kwa hiyo tulilinganisha kwa joto la tamasha, si kwa joto la ukumbi mtupu. Kinanda kikipigwa pamoja na okestra, ni okestra inayokifuata. Mwenye fidla anaweza kukaza waya wake dakika ya mwisho, bomba haliwezi. Basi kinanda kinatoa sauti moja, obo, zumari ya okestra, inaipokea, na wote waliobaki wanaichukua kwa obo. Watu karibu mia wenye majina yao na suti zao wanamfuata mzee wa bati, na mzee wa bati alikuwa akitutegemea mimi na Shifu. Nilikuwa naringa kimoyomoyo, sikatai.

Shifu alikuwa na sheria moja ya tamasha: mmoja wetu akae ndani ya kinanda mwanzo mpaka mwisho, na vyombo vyake, awe tayari kukitokea kitu. Mara nyingi nilikuwa mimi. Ndiyo maana miaka yote ile sikuwahi kusikia simfonia kama wanavyoisikia waliokata tikiti. Okestra ilinifikia kwa mbali, kama iko nyumba ya jirani, na kinanda kilinipiga kifuani.

Kule Dengfeng, mtaa wa Xiaobei, kulikuwa na Mama Saumu, mwanamke wa Majengo, Mombasa, aliyekuwa na mkahawa na ulimi usiolala. Kila Jumatatu nilikwenda kula kwake.

"Sasa Mwakio, hebu nieleze vizuri," aliniambia siku moja. "Watu wamekaa mbele, wewe umekaa wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya kinanda."

"Ndani ya kinanda, Mama Saumu."

"Kama panya wa kabati la vyombo." Akanisukumia sahani ya pilau. "Na umeacha mke Mombasa kwa ajili ya hiyo. Haya, kula."

Mwaka wangu wa tatu ikaletwa simfonia mpya ya kinanda na okestra. Mtunzi alikuwa mzee wa palepale Guangzhou, mwalimu mstaafu wa muziki. Aliiandika zamani, kabla mji wake haujapata ukumbi wenye kinanda cha kuipiga, akaiweka sandukuni akingoja. Siku ya mazoezi ya kwanza alikuja mlango wa nyuma, akavua viatu bila kuambiwa, akaomba kuliona bomba la mwisho.

Nieleze hapo, maana yote yanategemea hapo. Mwisho wa simfonia ile, okestra nzima inaondoka kidogo kidogo, tarumbeta, fidla, ngoma, mpaka hakuna aliyebaki. Inabaki sauti moja ya chini ya kinanda, peke yake, taratibu. Halafu nayo inakoma. Sauti ile ilitoka kwenye bomba moja la mbao, kimo changu hasa, katika safu ya sauti za upole.

Shifu akamwonyesha. Yule mzee akaweka kiganja mbele ya mdomo wa bomba, Shifu akaenda kubonyeza, upepo ukampiga mkononi. "Nililiandikia miaka mingi iliyopita," akasema, "sikujua lina baridi hivi." Alisimama pale muda mrefu, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Tamasha lilipangwa Jumapili alasiri, mwezi wa tatu. Mwezi ule Guangzhou kuna msimu wanaouita huinantian. Upepo wa kusini unaingia na unyevu wake, unakuta kuta bado zina baridi, na kuta zinatoka jasho. Sakafu inateleza, shati linaota ukungu likiwa kwenye kamba ya nguo. Ijumaa Shifu alikwenda Shiling kununua ngozi. Akaniambia, "Milango ya nyuma isifunguliwe. Mashine ya kukausha hewa isizimwe. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shifu."

Nilisikia, lakini sikuelewa, na kiburi ndicho kilichonizuia kuuliza. Mimi mtoto wa Mombasa, nani wa kunifundisha unyevu? Kwetu chumba kikinuka ukungu unafungua madirisha, upepo wa bahari unapita, mambo yamekwisha. Ndani ya kinanda kulikuwa kunanuka ukungu. Nikafungua milango yote miwili, upepo mzuri ukaingia, nikakaa chini nikala machungwa. Nilipoinuka nikashika sanduku la upepo, mkono ukaja umelowa. Mbao zilikuwa zinatoka jasho kama kuta za mtaani. Nilifunga mbio, nikafuta kwa vitambaa vyote nilivyokuwa navyo, nikajaribu kila kibonyezo. Vyote vilifanya kazi. Shifu aliporudi hakuniuliza kitu, na mimi sikusema.

Jumapili ukumbi ulijaa. Tikiti yangu ya bure nilimpa Mama Saumu, akaja na buibui lake jipya. Mimi nikaingia ndani, nikakaa kwenye kigoda changu. Sehemu mbili za kwanza zilikwenda vizuri ajabu. Kinanda na tarumbeta zilipokutana, mbavu zangu zilitetemeka, nikasema moyoni, yule mzee alikuwa akiyasikia haya peke yake miaka yote hiyo.

Kabla ya sehemu ya tatu na ya mwisho, ile ya taratibu, ukumbi ulikuwa kimya. Mpiga kinanda akafungulia upepo safu ya sauti za upole, iliyokuwa imefungwa mpaka wakati huo, ili ajiandae. Hajagusa kibonyezo, na sauti ikatoka. Sauti moja, ya chini, ikaendelea tu.

Nilijua papo hapo. Ngozi ya kilango ilikuwa imevimba kwa ule unyevu wangu, kilango kikakwama wazi. Kukirekebisha lazima feni izimwe na sanduku lifunguliwe, na hapo umesimamisha tamasha. Dawa pekee ni kulitoa bomba kwenye tundu lake. Nikapanda ngazi, nikapitisha mkono mbele ya midomo ya mabomba nikitafuta upepo, nikaupata, nikalikumbatia bomba nikalinyanyua. Upepo ukavuma tunduni. Nikavua soksi kwa mguu mwingine, nikaisukuma kwa vidole vya mguu mpaka ikaziba. Kimya. Mwongozaji wa okestra akangoja kidogo, kisha fidla zikaanza.

Hapo ndipo nilipolitazama bomba nililolishika. Lilikuwa ndilo.

Mzee wa watu amengoja nusu ya maisha yake, na mpigaji atakapobonyeza mwishoni hapatatoka kitu, kwa sababu mimi nilitaka upepo wa bahari. Na Shifu, aliyenitoa dukani, atainamisha kichwa mbele ya mji mzima. Nilitaka kulia.

Halafu akili ikarudi. Kilango kiko wazi. Bomba likirudi tunduni litaimba, abonyeze asibonyeze. Basi kilango nitakuwa mimi.

Sikuweza kulilaza popote bila kugonga mengine, kwa hiyo nililikumbatia sehemu nzima ya tatu. Mikono ilichoka mapema, jasho likaniingia machoni. Nilikuwa nimesikia mazoezi matatu kutoka pale pale ndani, na niliufuata muziki kama mtu anayefuata njia ya kwao gizani. Tarumbeta zikaondoka. Fidla zikaanza kupungua, safu baada ya safu. Ngoma ikagonga mara ya mwisho. Chini ya miguu yangu sumaku ikasema tik.

Nikavuta soksi kwa vidole vya mguu, nikashusha bomba. Likaimba.

Liliimba kifuani mwangu, shavu langu likiwa juu ya mbao. Tatizo ni kwamba sikuweza tena kusikia tik ya pili. Sikumwona mwongozaji, sikumwona mpigaji, nilikuwa na sauti ile tu. Nikavuta pumzi nikaishika, nikasema pumzi yangu itakapokwisha ndipo nitakaponyanyua. Ilipokwisha nikanyanyua. Ukumbi ulinyamaza kwa muda mrefu mno, nikadhani nimeharibu. Ndipo makofi yakaanza.

Mpiga kinanda alikuwa wa kwanza kuja nyuma, uso umempauka. "Niliachia," akamwambia Shifu. "Niliachia kibonyezo na sauti ikaendelea." Shifu akafungua mlango, akaniona na mguu mmoja mtupu na bomba mikononi.

"Ulifungua milango," akasema.

"Nilifungua, Shifu. Ijumaa."

Hakupandisha sauti. Alisogea pembeni, na nyuma yake alikuwa amesimama mtunzi. "Mwambie yeye," akasema. Nikamwambia yote, mpaka machungwa, na Shifu akafasiri pale Kichina changu kilipogota. Yule mzee alisikiliza akiwa ameinama kidogo.

"Ulijuaje wapi pa kuishia?" akaniuliza.

"Sikujua. Pumzi yangu ilikwisha."

Akaomba penseli kwa mpiga kinanda, akafungua ukurasa wa mwisho wa karatasi zake za muziki. Juu ya ile noti ya mwisho akachora alama ndogo, upinde na nukta chini yake, alama inayomwambia mpigaji ashikilie kupita kipimo. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, pale pale ulipolishika bomba, akaenda kuwasalimia wageni.

Shifu alimwambia meneja wa ukumbi kwamba kosa lilikuwa la idara yake, hakutaja jina. Lakini ufunguo wa milango ya nyuma alininyang'anya, akauning'iniza shingoni mwake mwaka mzima, na kila asubuhi nilisimama mlangoni na soksi zangu nikingoja anifungulie. Nilistahili. Mwaka wa pili nikaukuta juu ya kigoda changu.

Jumatatu ile Mama Saumu aliniwekea pilau na kukaa mbele yangu, jambo asilolifanya mchana. "Pale mwisho," akasema, "watu walinyamaza mpaka nikaogopa kukohoa. Nilimkumbuka marehemu mamangu. Na wewe wakati ule ulikuwa unafanya nini huko ndani?"

"Nilikuwa nimekaa," nikamwambia.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mingi. Shifu alistaafu kabla yangu, akaniachia miwani yake ya akiba na sheria zake zote. Nami nilipostaafu nilirudi Mombasa, na madirisha yangu yako wazi kutwa. Mkinijia kuniuliza kazi ina siri gani, nitawaambia ulizeni, hata kama mnadhani mnajua, na hasa mkidhani mnajua.

Majuzi mpiga kinanda wa sasa, ambaye sijapata kumwona, alinitumia kwa simu simfonia ile ilivyopigwa mwaka huu. Nilikaa kitini sebuleni, viatu miguuni, nikaisikia kwa mara ya kwanza kama mtu aliyekata tikiti. Fidla zikapungua, ngoma ikagonga, bomba likabaki peke yake. Mikono ilijikunja kifuani kabla sijaiambia, nikavuta pumzi nikaishika. Yangu ilikwisha mapema, nami nikakaa pale nikilisikiliza bomba likiendelea.