Kasula Nyekundu ya Padri Anselmo

Siku yangu ya kwanza kazini, Padri Gwardiani, ndivyo watawa wale wanavyomwita mkuu wa nyumba yao, alinifungulia kabati la sakristia, chumba cha mavazi ya misa, pale Lewisham huku ughaibuni, akasema, "Mama, hapa ukikosea rangi umeharibu siku." Ninyi vijana mnadhani mtunza sakristia anawasha mishumaa tu. Nilifua, nilipiga pasi, nilishona kasula, lile vazi la juu la padri wakati wa misa. Kijani siku za kawaida, zambarau siku za toba, nyeupe kwa sherehe na, katika nyumba ile, kwa maziko ya mapadri. Nyekundu, zaidi ya yote, ni ya wafiadini.

Nyekundu yetu ilikuwa moja, nzito. Tuliitoa kwa heshima kubwa siku ya ndugu wa kwanza wa shirika lao, waliokwenda kuhubiri ugenini wakakatwa vichwa. Padri Anselmo aliipenda kuliko wote. Ujanani alijifunza Kiswahili akingoja kutumwa Afrika. Wakubwa wake wakasema kifua chake ni dhaifu. "Shikamoo, mama," alinisalimu kila asubuhi, mzee mzima vile! Nilichoka kumsahihisha.

"Nilitaka kwenda kama wao," aliniambia siku moja. "Wakanipa funguo za mlango."

Basi akawafungulia wageni mlango wa nyumba maisha yake yote, na mchana akakaa na wagonjwa hospitalini, hata wale ambao jamaa zao waliogopa kuwakaribia. Nyumba ilipofungwa tukahamia Edmonton, upande wa pili wa jiji lilelile, lakini yeye aliendelea kupanda treni kurudi kwa wagonjwa wake. Huko ndiko alikoupata ugonjwa uliomuua.

Niliipiga pasi ile nyekundu ili avikwe kwa maziko, nikampelekea Gwardiani mpya, mtu mwenye haraka.

"Nyeupe, mama. Huyu hakuuawa."

"Father, ugonjwa ameutoa kwa mgonjwa. Alijua ni hatari, na bado alienda."

"Amekufa kitandani, mama. Utaratibu unaujua."

Niliujua kuliko yeye. Nikamvika nyeupe, na mpaka leo inaniuma.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma. Siku ya wafiadini wale hukaa benchi la nyuma, nikiiona kasula ile nyekundu ikitoka na kiraka changu begani, imevaliwa na padri nisiyemjua. Wenzangu huwaomba wale ndugu wa kwanza. Mimi humwomba Padri Anselmo, kimoyomoyo, kwa Kiswahili.