Mkalimani wa Kesi ya Gobore

Mkalimani wa mahakama ya Kasulu alikuwa na mikono laini. Shahidi akisema Kiha, yeye hufumba macho na kunyoosha tai, kama anayesubiri mvua ipite, kisha humpa jaji, aliyetoka Tabora na asiyejua Kiha, robo tu ya alichosikia, kwa Kiswahili kitamu. Odilia, mjane wa Heru Juu, alimtazama huku damu ikimchemka. Mshtakiwa alidai gobore lilifyatuka lenyewe. Odilia alikuwa ameeleza kwamba risasi ya kwanza ilipiga mlango. Kwamba mtu yule alimimina baruti upya, akashindilia, mumewe akimsihi, ndipo akampiga kifuani.

“Anasema mumewe alipigwa risasi, Mheshimiwa.”

“Mwongo!” Odilia alifoka kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Baruti umeipeleka wapi, weye? Alishindilia mara ya pili! Nimemuona kwa macho haya!”

“Nilifupisha tu, Mheshimiwa, kuokoa muda.”

“Kaa chini,” jaji alisema. “Mama, tuonyeshe.”

Odilia akashika bunduki isiyokuwapo. Akamimina, akachomeka tambara, akashindilia, akashindilia tena, bila haraka, mpaka mahakama nzima ikaona jinsi kazi ile inavyochukua muda.